Fuko Walioletwa Kwetu kwa Moshi

Shamba letu liko mkiani mwa mfereji. Maji yakitoka mtoni hupita kwanza kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, kisha kwa wengine wote, ndipo yakikumbuka yanafika kwetu. Nyumbani ni Mjimwema, lakini kiangazi mimi na mama tunashinda huko bondeni, upande wa njia ya Madaba. Mwaka huu mama alipanda nyanya tupu. Za mwaka jana zilikauka, na baba alishasema, zikifa tena, shamba anampa baba mdogo alime mahindi. Alisema wakati tunakula, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Mama hakumaliza ugali wake.

Nyanya zilipoanza tu kutoa maua, maji yakaacha kufika. Mwizi alikuwa fuko.

Kwa asiyemjua, fuko ni mnyama wa ukubwa wa kiatu cha mtoto, meno ya mbele yako nje kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho asijue kama anaruhusiwa kucheka. Anaishi chini ya ardhi na anaupenda sana ukingo wa mfereji, kwa sababu udongo wake ni laini. Akishautoboa, maji yanaingia shimoni na kwenda kumwagilia magugu.

Huku kwetu dawa ya fuko ni moshi. Unachoma magunzi na pilipili kavu mdomoni mwa shimo, unapepea kwa ungo, na unasimama upande wa juu ili fuko akimbilie chini. Kila mtu anasimama upande wa juu. Mimi hesabu zinanishinda, lakini hata mimi niliona tatizo: chini ya kila mtu kuna mtu, na chini ya watu wote kuna mama.

Siku moja nilimkuta mwenyekiti, mwalimu mstaafu, anapepea huku machozi yanamtoka.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Huyu nimemmaliza. Kwangu sasa hakuna fuko hata mmoja!"

Nilitaka kumuuliza amekwenda wapi. Nikaangalia viatu vyangu, nikapita.

Mama naye akachoma pilipili. Ila chini yetu ni tope la mto, na fuko hataki kuloa. Akaziba shimo lake kwa udongo, moshi wote ukarudi usoni kwa mama. Alikohoa mpaka nikaogopa. Kisha akasema maneno ambayo sitayaandika, maana Jumapili tulipokea Komunyo.

Jumapili hiyohiyo baada ya Misa kukawa na kikao kwenye kivuli cha ghala la mwenyekiti. Ajenda aliisoma mwenyewe: uzembe wa wakulima wa mkiani.

"Sisi wa juu tumeshamaliza fuko wetu," alisema. "Waliobaki wote wako kwa mama huyu. Sasa tujiulize, anawafuga?"

Watu wakacheka. "Basi achinje, tupate kitoweo!" akadakia dada mmoja mwenye shamba la katikati.

Nikamnong'oneza mama. Akasimama.

"Mwanangu anauliza: mkiwafukuza, mnawasindikiza mpaka wapi?"

Kweli niliuliza, lakini si kwa sauti ile. Nilitamani niingie shimoni na fuko wenyewe. Jirani yetu wa juu akajikuna kichwa. "Mimi naletewa na dada hapa."

"Weee! Na mimi naletewa na nani?" dada akaruka, akaonyesha kidole juu zaidi. Vidole vikapanda mfereji mzima, vikamfikia mwenyekiti.

"Tusitafute mchawi," mwenyekiti akasema.

"Hatutafuti," akajibu mama. "Kesho naanza mimi. Nasimama chini, napepea kwenda juu. Kila mtu amfukuzie mwenzake wa juu, mpaka wafike kwa mwenyekiti. Yeye ndiye msomi, atajua pa kuwapeleka."

Papo hapo mwenyekiti akagundua kwamba moshi umepitwa na wakati. Akapendekeza Jumamosi wote tufukue mashimo, tujaze mawe na udongo wa kichuguu, tushindilie. Kamati yetu inayoweza kujadili mpini wa jembe mpaka jua lizame ikapitisha bila swali.

Jumamosi alisimama ukingoni mwa shamba lake kutoa hotuba ya ufunguzi. Alipofika kwenye neno "mshikamano," ukingo ukabonyea, mguu ukazama mpaka gotini. Tukasimama wima wote kwa heshima.

"Vuteni basi, mnangoja nini?"

Tulipopafukua hapo, njia za fuko zilikuwa nyingi kuliko kwetu. Dada wa katikati akasema labda hao ni wageni, wamekuja kikaoni. Nilibeba udongo wa kichuguu mpaka shingo ikakakamaa.

Jua lilikuwa limeinama maji yalipofika mkiani, polepole, yakisukuma majani makavu. Mama alipiga magoti akaanza kuchungulia shina moja moja. Mistari ya mwisho maua yote yalikuwa chini. Ya mistari ya juu yalikuwa yamebaki, na kwenye baadhi ya vikonyo kulikuwa na nyanya ndogo kama punje za njegere.

Baba alikuja akasimama nyuma yetu. Sijui nani alimwambia.

"Zimeshika," mama alisema kabla hajaulizwa.

Baba akachuchumaa, akainua tawi moja kwa kidole, akaangalia kwa muda. Hakusema lolote kuhusu baba mdogo wala mahindi. Akalichukua jembe lililokuwa miguuni pangu, akaenda kufungulia maji mstari wa pili.