Kitanda cha Mwanamke wa Mbweni

Mume wangu anatengeneza tovuti. Mwaka tuliohamia Mbagala alikuwa amepata kazi kwa mafundi samani wa Keko, waliotaka watu wanunue makabati na vitanda kwa simu bila kufika pale barabarani kwao. Akawa anashinda Keko katikati ya vitanda, anarudi na vumbi la mbao kwenye viatu, halafu tunalala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Kitanda chetu kilivunjika chaga siku ya kuhama. Alisema ataniletea kingine. Nikanyamaza, na mimi nikinyamaza ujue kuna jambo.

Jumamosi moja alikaa na kompyuta tangu asubuhi, hataki chai wala maongezi. Mchana akaenda kuoga, kompyuta akaiacha wazi mezani. Nilikuwa nakunja nguo. Mara dirisha likafunguka kwenye kioo chake, ikatokea ile tovuti ya samani, na herufi zikaanza kujiandika zenyewe. Jina la kike. Namba ya simu. Mbweni, upande wa nyumba mpya. Kitanda cha mninga, futi sita kwa sita, na vimeza vyake viwili vya pembeni. Kitufe cha kununua kikabonyea pasipo mkono wa mtu, yakaja maandishi ya kumshukuru dada huyo kwamba oda yake imepokelewa.

Dirisha likajifunga. Sijakaa sawa, likafunguka tena. Mwanamke yuleyule, kitanda kilekile.

Niliumia. Mimi nalala chini, mwenzangu Mbweni anapelekewa mninga. Nikakaa kwenye kiti chake nikamsubiri. Alipoingia na taulo kiunoni nikamuuliza:

"Huyu wa Mbweni ni nani?"

Akatazama kioo, akacheka. Angejua kicheko kile kilivyonichoma, angekimeza. Akanieleza kwamba hakuna mtu. Zamani, kila akibadilisha kitu kwenye tovuti, ilibidi akae abonyeze mwenyewe kila kitufe ili ajue kama mteja bado anaweza kununua. Sasa alikuwa ameanzisha mradi wa kuifanya kompyuta ijaribu yenyewe: inafungua kivinjari, inajifanya mteja, inanunua. Ikimaliza salama inatoa alama ya kijani, ikikwama inatoa nyekundu. Yule mwanamke alimtunga yeye, jina lake na nyumba yake.

Nilimwelewa, lakini moyo haukutulia. Wivu ulizidi. Mwanamke wa kweli ningemtafutia kasoro, ningesema ana domo au anajipodoa kupita kiasi. Huyu alitoka kichwani mwa mume wangu, na mume wangu, akiwa na uhuru wa kumpa chochote duniani, alimpa Mbweni na mninga.

"Ulivyokuwa unamtafuta mtu wa kununua kitanda, mie sikukujia kichwani?"

Akajitetea kwamba alimfikiria mteja tu, yaani mtu mwenye uwezo. Neno hilo lilipomtoka naye akalisikia, akainamisha kichwa. Nikamwambia amfute yule dada aniandike mimi, na hii hii Mbagala yangu. Akafuta. Akaweka jina langu, kitanda kilekile, akaiwasha. Jina langu likajiandika herufi kwa herufi, na nilifurahi kuliona. Ilipofika pa kuchagua mahali mzigo unapokwenda, ikaganda. Nyekundu.

Mbagala haikuwepo ya kuchaguliwa. Akampigia simu mzee wa mafundi kule Keko, akaweka spika. Baada ya shikamoo na habari za kazi akamuuliza kama gari lao linafikaga Mbagala. Mzee akashangaa. Akasema wiki hiyohiyo wamepeleka makabati huku, tena huku ndiko kwenye wateja wengi.

"Kwani nani kaisahau Mbagala?" akauliza.

Sehemu zile za kupelekewa mizigo aliziandika mume wangu mwenyewe, kwenye meza hii, madirisha yetu yakiwa wazi na makelele ya sokoni yakiingia ndani.

Akaiongeza. Safari hii ikaja kijani, nami nikashukuriwa kwa oda yangu. Tangu hapo, kila asubuhi akinywa chai anaiwasha. Mwanamke mwenye jina langu anachagua kitanda, hasiti wala haombi, anakubaliwa papo hapo. Yule wa Mbweni nikamsahau kabisa. Huyu wa Mbagala ndiye aliyeninyima raha, namtazama nikiwa nimekaa godoroni chini.

Asubuhi moja yakanifika shingoni. Nikasema, "Mwambie huyo mwenzangu, akichoka kulalia vyote hivyo, aniachie kimoja."

Hakucheka. Aliweka kikombe, akasimama, akakipima chumba kwa nyayo, mguu mbele ya mguu, kutoka ukutani mpaka mlangoni, kisha upande wa pili. Akasema sita kwa sita kikiingia, mlango hautafunguka.

Kilichokuja kutoka Keko ni cha tano kwa sita. Ni mninga kweli, nakilalia mpaka leo, na siku ya kwanza nilikishika kila mguu. Lakini kwenye kompyuta mwenzangu bado anaagiza sita kwa sita, na vimeza vyake. Nimeshamwambia mume wangu ampunguzie, na kila asubuhi nachungulia kuona kama amempunguzia.