Nilivyokwenda Muthara Kutuliza Kichwa

Niliondoka Embu kwa sababu nilimpiga mume wangu. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nilikwenda kutembea. Ireri alikuwa fundi wa mbao, na kiharusi kilimpata akiwa kazini, kikachukua upande wake wa kulia pamoja na sauti yake. Miaka miwili nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani asipate vidonda, halafu nikaenda kufundisha darasa la tano. Asubuhi moja nilikuwa namvalisha shati, akakaza mkono wake mzima, hakutaka uingie. Nikampiga kofi kwenye mkono ule. Halikuwa kofi kubwa. Aliniangalia tu, na mimi nikaendelea kufunga vifungo kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Wiki hiyo kifua kilinibana mpaka nikaenda hospitali. Daktari alinipima asione ugonjwa.

"Mwalimu, moyo wako uko sawa," akasema. "Kilichochoka ni kichwa. Una mahali pa kwenda, hata kama ni siku chache?"

Nilikuwa na mahali pamoja, Muthara, kwa Karimi. Tulisoma naye chuo cha ualimu, tukalala chumba kimoja. Barua yake ya mwisho iliandikwa na mumewe, ikisema macho yamekwisha kabisa na ameacha kufundisha. Nilikuwa sijaijibu. Nilijiambia sina nafasi, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na neno la kumwambia. Sasa nilimwandikia mstari mmoja, kwamba nakuja Alhamisi.

Wanjira, dada ya Ireri, akaja nyumbani kwetu, mtaa wa Majimbo hapo Embu, kutoka Runyenjes ili anishikie zamu. Nilimwonyesha dawa, nikamwonyesha mito, nikarudia tena dawa.

"Mama Njeru, nimesikia," akasema. "Huyu ni ndugu yangu. Mbona hukuniita mapema?"

Nikamwonyesha dawa mara ya tatu. Niliona aibu kusema kwamba kumwita kungekuwa kukubali nimeshindwa.

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, basi liliondoka. Ilikuwa likizo ya Agosti, na baridi ya mwezi huo ilikuwa imekaa juu ya migunda ya kahawa kama haina haraka. Tulipita Runyenjes, tukateremka hadi mto Thuci, tukaanza kupanda kuelekea Chuka. Watu husifu njia hiyo, namna inavyozunguka mabonde na mlima ukiwa mkono wa kushoto. Mimi sikuona mlima. Nilikuwa bado chumbani kwangu, nikijiuliza kama Wanjira amekumbuka kumgeuza saa nne.

Baada ya Chuka, mama aliyekaa kando yangu alinipa ndizi mbivu.

"Unaenda matanga?" akaniuliza.

"Hapana, naenda kumwona rafiki."

"Basi ni uso wako unaoenda matanga," akasema, akageuka kutazama dirishani. Nilikula ndizi ile yote, na ndipo nikakumbuka kwamba tangu jana nilikuwa sijatia kitu mdomoni.

Saa nane nilishuka Meru mjini, nikapata gari lingine la kupitia Kianjai. Saa kumi nilikuwa Muthara. Baba Mwenda, mume wa Karimi, alikuwa amesimama kando ya barabara na baiskeli. Aliufunga mzigo wangu kwenye kiti cha nyuma, tukatembea polepole kati ya mashamba ya miraa na mahindi. Ni mtu wa maneno machache. Tulipokaribia lango aliniambia, "Usimwonee huruma sana. Inamchosha."

Karimi alikuwa ukumbini. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Unaburura miguu. Chuoni hukuwa unaburura."

"Nimechoka, dada."

"Najua. Kaa. Barua umeijibu kwa miguu, si mbaya."

Alinipa uji wa wimbi, ule wanaouita ucuru, kwenye kikombe kikubwa. Aliumimina mwenyewe, kidole kikiwa ukingoni, na hakumwaga hata tone. Usiku ule nililala kama gunia.

Asubuhi ya Ijumaa tulikaa nje, tukichambua maharagwe. Vidole vyake vilikuta mawe ambayo macho yangu yaliyaruka. Nikamuuliza alivyopita mwaka wa kwanza wa upofu.

"Sikupita. Nililala," akasema. "Niligeukia ukuta miezi mingi. Baba Mwenda atawaambia watu nilikuwa naomba, lakini sikuwa naomba. Nilikuwa nahesabu vitu nisivyoweza kufanya tena. Halafu siku moja, kwa kuchoka na hesabu hiyo, nikaamua kwenda shuleni."

"Uliendaje?"

"Kwa kichwa, nikiwa pale pale kitandani. Nilitoka mlangoni. Ngazi mbili. Mti wa parachichi mkono wa kulia, harufu ya zizi, lango lenye waya uliolegea. Nikaenda hatua kwa hatua mpaka darasa la nne, nikafungua dirisha. Ilinichukua karibu nusu saa. Nilipofika nikagundua kifua hakinibani tena."

"Na mawazo? Hayakukufuata?"

"Yalinifuata. Nilijaribu kuyafukuza, yakawa mengi zaidi. Sasa wazo likija nalisalimu kama mtu wa njiani. Hujambo, nimekuona. Halafu narudi kwenye hatua niliyoachia. Hata mara ishirini, narudi tu. Jaribu. Chagua njia unayoijua."

Nilifumba macho. Nilichagua kutoka langoni kwetu Majimbo mpaka ndani ya nyumba. Nikaona ukuta, kamba ya nguo, mlango wa bati. Nikaingia sebuleni. Nikafika mlango wa chumba, nikaona mkono wa Ireri juu ya blanketi, na hapo nikashindwa. Nililia mpaka maharagwe yakamwagika mapajani. Kisha nikamwambia Karimi nilichofanya, maneno ambayo sikuwa nimemwambia hata Wanjira wala mchungaji.

Nilitaka aseme si kitu. Alipapasa, akaokota maharagwe yaliyomwagika.

"Hilo siwezi kukuondolea," akasema mwishowe. "Ulimpiga mtu asiyeweza kusema. Mwambie yeye mwenyewe, anasikia. Lakini chagua njia nyingine ya kutembea. Hiyo ya kuingia chumbani si ya mtu anayeanza."

Siku ya Jumamosi tulikwenda soko la Mikinduri. Karimi alitaka kuchagua kitambaa kwa vidole. Tulipofika, wanaume walikuwa wakipakia miraa, na yule wa pikapu alikuwa na haraka, kwa sababu miraa haingoji, ikinyauka haina bei. Honi ilipigwa karibu yetu, watu wakasukumana, mkono wake ukanitoka. Ni hatua tatu tu, lakini nilipomfikia alikuwa amesimama wima, uso umekauka, jasho juu ya mdomo licha ya baridi yote ile. Huyu mwanamke niliyemdhania kuwa ameshinda alikuwa anatetemeka.

"Usinivute," akasema. "Nishike tu."

Nikamshika. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikasikia: ngazi, ngazi, parachichi, zizi. Alikosea, akarudi mlangoni, akaanza upya. Watu walitupita wakitushangaa. Pikapu iliondoka. Baada ya muda alivuta pumzi ndefu, vidole vyake vikalegea mkononi mwangu.

"Umefika darasani?" nikamuuliza.

"Leo sikufika. Niliishia kwenye waya." Akatabasamu kidogo, kwa uchovu. "Lakini miguu imerudi. Twende kwa vitambaa."

Tukiwa njiani kurudi aliniambia hilo humpata mara kwa mara, na kwamba mwanzoni alikuwa akijificha ndani kwa kuogopa lisimpate mbele za watu. Kuna siku njia ile humsaidia, na kuna siku anahitaji mtu wa kumshika. Hakulisema kama siri kubwa.

Jumapili baada ya kanisa nilijaribu peke yangu, ukumbini kwao. Nilichagua njia ya utotoni mwangu huko Mbeere, kutoka nyumbani mpaka mtoni kuchota maji. Mchanga mwekundu, miiba, mbuzi wa jirani, jiwe la kupumzikia. Ireri alikuja kichwani mara nyingi. Nikamsalimu, nikarudi kwenye jiwe. Sikupona kitu chochote siku hiyo. Nilipumua tu.

Jumatatu nikarudi. Safari hii niliuona mlima, kipande chake, kabla ya mawingu kuufunika pale Chogoria. Nilifika Majimbo saa tisa na nusu. Wanjira alikuwa amemnyoa ndugu yake na kumvalisha sweta safi. Nilimwomba awe anakuja kila Jumamosi, akasema alikuwa anangoja niseme.

Alipotoka kuanua nguo, nilikaa kando ya kitanda. "Baba Njeru," nikamwambia, "ile siku ya shati nilikupiga. Ulikuwa hujanikosea. Nilichoka, lakini uchovu haukukupiga, ni mimi. Nisamehe."

Nilitarajia machozi, yake au yangu. Ireri aliuvuta mkono wake mzima, akauficha chini ya blanketi, akageuza uso ukutani. Siku mbili hakunitazama. Nilimlisha akiangalia dari. Zamani ningalipasuka, kwa hasira au kwa kujihurumia. Sasa nilikuwa nikitoka mpaka mlangoni, nateremka mtoni kwa kichwa, napita miiba, namsalimu kila anayenilaumu humo ndani, halafu narudi na kikombe.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa nimesimama na shati lake, naogopa kuanza. Alilitazama shati, akanitazama mimi. Kisha akautoa mkono chini ya blanketi, akaunyosha mwenyewe kuelekea mkono wa shati. Nikamsogezea shati. Tuliuingiza polepole, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Wananiuliza shuleni nilipata dawa gani Meru. Sikupata dawa. Ireri hajasimama, na mimi huchoka kila siku. Njia ile ya kichwani hunipa dakika chache kati ya hasira na mkono wangu, na mpaka leo dakika hizo zimetosha.