Jivu la Kiota

Mamangu aliapa hatakanyaga nyumba yangu hapa mtaa wa Dallas, Embu, mradi nyoka ninayemfuga yumo ndani. Kibali ninacho, sumu hana, nimemweleza hadi mdomo ukachoka. "Nyoka ni nyoka," akasema, akarudi zake Kianjai. Mwaka mzima ukawa wa simu tu, nami hamu ya kumwona ilinisumbua kweli.

Kisha nyoka wangu akawa na mayai tumboni, nikaanza kuhangaika na kiota. Mayai ya nyoka ganda lake ni laini kama ngozi, nayo hunywa unyevu wa mahali yalipo. Pakikauka, yanabonyea na kufa. Vumbi la mbao la fundi wa jirani lilinuka dawa ya mchwa. Udongo wa shambani ulishikana kama tofali. Mwishowe nikashuka mtoni, nikabandua zile nyasi laini zinazoota juu ya mawe, nikazikamua na kuzijaza kwenye mkebe wa plastiki wenye tundu. Akaingia, akataga humo. Nilimpigia mama nikajigamba.

Wiki hiyohiyo nikaenda semina ya siku mbili, ufunguo nikamwachia jirani. Niliporudi nilimkuta mama jikoni kwangu, amevua viatu, anamenya viazi.

"Nimekuja kuona hao wajukuu," akasema, wala hakucheka. Nusura nilie kwa furaha.

Halafu akanionyesha mkebe. Nyasi zangu alikuwa amezitupa, eti takataka zimelowa. Aliupangusa ukakauka kabisa, akatandika maganda makavu ya maharagwe, juu yake akamwaga jivu alilobeba kutoka kwake, akayalaza mayai humo. Ndivyo anavyomtengenezea kuku anayeatamia: jivu hufukuza utitiri, na kiota kikilowa mayai huoza.

"Huyo nyoka nilimsukuma na mwiko," akasema. "Kwanza nilikimbilia mlangoni. Lakini nikaona, huyu pia ni mzazi."

Mayai yalikuwa yamebonyea pande zote. Sasa ningemwambia nini? Kwamba siku aliyoshinda woga wake ndiyo siku aliyoyaua? Namjua mamangu, asingerudi tena. Nikasema asante. Alipoenda kuoga nikayarudisha kwenye unyevu, lakini wapi, hayakujaa tena. Yaliota ukungu, nikayazika nyuma ya nyumba.

Tangu aende kwake hunipigia kila Jumapili akitoka kanisani.

"Wametoka?"

"Bado, mama."

"Wape muda. Krismasi nitakuja tukae wiki nzima."

Wiki iliyopita aliniambia niende stage ya matatu, kuna mzigo wangu. Nikakuta mfuko wa jivu, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Ni la mayai ya msimu ujao, akanieleza kwenye simu, na amelichekecha mara mbili ili lisiwaingie watoto machoni. Nikalibeba hadi nyumbani, nikaliweka kando ya mkebe.