Phelesia avaa viatu vya mbao, majirani waliochukiana wacheza pamoja

Saa nne asubuhi, soko la mifugo la Ogwedhi, wilayani Migori, Kenya, limefurika. Ng'ombe wanalia, wachuuzi wanabishana, vumbi linapanda. Mara ngoma inalia, na Phelesia Aoko anaruka katikati ya uwanja akiwa amevaa viatu virefu vya mbao, vile ambavyo wanaume wa Kikuria huvaa wakicheza. Kishindo chake kinawafanya watu waache mifugo yao na kuja mbio.

"Huyu mama si Mjaluo?" mzee mmoja anapaza sauti. "Nani alimfunza hii kitu?"

Phelesia, 36, hushona sare za shule mjini Migori. Tangu Machi mwaka huu wa 1997 anaongoza "Zizi Moja", mchezo wa kuigiza na densi kuhusu wizi wa ng'ombe. Wachezaji ni kumi na wawili: Wajaluo sita, Wakuria sita.

Jambo hilo lisingewezekana miaka minne iliyopita. Wezi walivamia boma lake, wakaswaga ng'ombe wote wanane na kumpiga rungu mumewe, Wesley. Mkono wake wa kulia haujanyooka hadi leo.

"Nilichukia Wakuria wote," anasema. "Hata salamu yao sikuitikia."

Kisha mcheza ngoma mmoja wa Kikuria, Nchagwa Mwikwabe, akaingia dukani mwake kushonesha vazi. Naye alikuwa ameibiwa ng'ombe kumi na mmoja.

"Alisema wezi ni Wajaluo, mimi nikasema ni Wakuria," Phelesia anakumbuka. "Tukagombana mpaka tukachoka. Halafu tukaanza kucheka. Pengine wezi wetu walikuwa watu wale wale!"

Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa. Lakini siku ya kwanza ya mazoezi, mpiga ngoma wao, Levis, aliketi akakunja mikono. Alisema hawezi kumpigia Mkuria.

Phelesia alimwomba Nchagwa viatu vyake, akapanda juu, akapiga hatua mbili.

"Nikaanguka puu, kama gunia la mahindi!"

Nchagwa akashindwa kujizuia, akacheka. Levis naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akavuta ngoma yake. "Inuka, Mama Ouma," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Nitakupigia polepole."

Ilimchukua wiki tano kujifunza kuruka. Wesley, hata hivyo, alikataa kabisa kutazama. "Ngoma ya watu walionivunja mkono?" alikuwa akimwuliza. "Nenda wewe."

Leo, mchezo unapokaribia kwisha na watazamaji kualikwa uwanjani, mwanamume mmoja anatoka nyuma ya umati. Ni Wesley. Amekuja bila kumwambia mkewe.

Nchagwa anautazama mkono wa Wesley uliopinda, anamnyooshea wake wa kushoto. Wesley anasita. Kisha anaushika, na wawili hao wanaanza kucheza. Soko zima linapiga vigelegele.

"Nilisahau hatua zangu zote," Phelesia anasema baadaye, akihema na kujifuta jasho. "Nililia nikicheza, nikacheza nikilia."

Desemba kundi lake litavuka mpaka kwenda Tarime, Tanzania, kwa mwaliko wa wafugaji wa huko. Wengine wamemwonya kwamba katika umati kama ule, wezi wenyewe hawakosi kuwapo.

"Waje," anasema, macho yakimng'aa. "Hao ndio nataka wakae mbele kabisa."