Siku Niliyoifungua Pampu ya Wekesa

Walisema kijiji chetu cha Naitiri hakiwezi kutoa fundi mwenye diploma. Nilirudi nayo kutoka Nairobi, ina muhuri, lakini watu wa Kitale bado walimpelekea magari Wekesa, ambaye hakusoma hata darasa moja. Wivu uliniwasha kama upupu.

Wiki jana tajiri mmoja wa mahindi alinipa nafasi: nikifikisha lori lake Bungoma salama, magari yake yote yatakuwa mikononi mwangu. Tukapanda naye. Njiani, mvua ilipokatika, tulipita katikati ya wingu la kumbikumbi. Tulipofika soko la Kabuchai, injini ilikuwa inatoa moshi na maji ya rejeta yanachemka.

Nilifurahi kimoyomoyo, maana pampu ya maji ilikuwa imefungwa na Wekesa siku mbili tu kabla ya safari.

"Tajiri, si unaona kazi ya mtu asiyesoma?" nikasema kwa sauti, ili soko zima lisikie. Mbele ya gari sikutazama hata kidogo. Nikaifungua pampu kipande kwa kipande, nikiwahutubia watu. Saa mbili zikapita. Pampu ilikuwa nzima kabisa.

Mama mmoja akaja na ungo. "Fundi, nipishe bana. Hii kumbikumbi itaoza."

Akaanza kuchota mbele ya rejeta, konzi baada ya konzi, mpaka matundu ya kupitisha hewa yaliyokuwa yamezibwa yakaonekana.

Soko likaangua kicheko. Tajiri hakucheka.

"Rudisha hiyo pampu vile Wekesa aliifunga," akaniambia. "Ukishindwa, nimwite."