Taa Ambayo Baba Hakuiona

Gereji nzima ilimwita Mama Kimulimuli, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kazi yake ilikuwa kufunga alamu za magari, lakini kilichomletea wateja ni kile kitaa kidogo kinachowaka na kuzima kwenye dashibodi, kumwonya mwizi apite zake. Mafundi wengine walikichomeka popote mkono ulipofika, waya zikining'inia kama matumbo ya kuku. Yeye hapana. Alikaa kwanza kwenye kiti cha dereva, akatoka, akalizunguka gari na kuchungulia dirishani kama mwizi mwenyewe, ndipo akaamua mahali. Alibandika utepe ili drili isiteleze, akatoboa tundu dogo kuliko taa, kisha akalipanua polepole kwa tupa mpaka taa iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Waya alizipitisha nyuma ya plastiki, akazikaza zisigongegonge. Ukitazama, ungeapa gari limetoka nayo kiwandani.

Asubuhi moja baba yake alikuja na gari lake. Mzee alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na pale gereji walimwita Mzee Gia, kwa sababu hadithi zake zote zilianza na mlima na kuishia kwenye gia. Tangu astaafu, kazi aliyojipa ilikuwa kumpeleka mjukuu wake, binti wa Mama Kimulimuli, shuleni na kumrudisha. Siku hiyo alikuwa ametoka kumshusha.

"Nimekuja kama mteja," alisema akishuka. "Majirani wameibiwa betri. Nifungie alamu."

"Karibu, mteja. Foleni inaanzia kule."

Watu wakacheka. Walikuwepo fundi mpaka rangi, fundi wa viti, na mama mmoja mwenye duka la dawa aliyekuwa akisubiri gari lake. Mama Kimulimuli akafungua kisanduku cha taa na kumwekea baba mbele yake: nyekundu, buluu, kijani, kubwa na ndogo.

Mzee alizipapasa, akachukua ile kubwa kuliko zote, ya buluu.

"Hii."

"Baba, hiyo ni ya ukumbi wa harusi. Ikiwaka giza likiingia itakuumiza macho. Chukua hii nyekundu ndogo."

"Nataka ile ninayoiona."

"Hii utaiona. Niachie mimi, ndiyo kazi yangu."

Mzee hakubishana. Akakaa kwenye benchi, na binti yake akaifanya kazi hiyo kwa mapenzi kuliko zote alizowahi kufanya. Taa aliiweka pembeni kabisa mwa dashibodi, karibu na dirisha la dereva, mtu wa nje aione kabla hajagusa mlango. Akaipitishia kitambaa mpaka vumbi la plastiki likaisha.

"Haya, njoo uone."

Baba akaingia, akashika usukani. Akatazama mbele.

"Haiwaki."

"Inawaka, baba."

"Haiwaki, mwanangu."

Binti akaichomoa, akaipima, akaigusisha kwenye betri. Ikawaka. Akairudisha. Mzee akageuza kichwa huku na huku, taratibu, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Bado."

Kule nyuma mwenye duka la dawa alikuwa akitazama saa yake. Mpaka rangi akatupa neno: "Mama Kimulimuli, leo umeuziwa feki!" Hilo ndilo lililomchoma. Kuambiwa kazi yake mbovu, mbele ya mteja, na kwa gari la baba yake!

"Inamulika mbele ya pua yako!" akasema kwa sauti. "Au nikufungie jua zima hapo? Watu wote wanaiona isipokuwa wewe!"

Gereji ikaangua kicheko. Na Mama Kimulimuli pia alicheka.

Mzee hakucheka. Alinyoosha mkono kuitafuta ile taa, kidole kikapita juu ya redio, kikapapasa kioo cha kipimamwendo, kikarudi na kusimama kwenye kitundu cha hewa cha katikati. Taa ilikuwa ikiwaka na kuzima upande wa pili, mbali na kidole chake.

Hapo kicheko kikakatika chenyewe. Fundi wa viti akainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka. Mama Kimulimuli akaushika mkono wa baba na kuupeleka penye taa.

"Ipo huku, baba."

Mzee akageuza kichwa chote kuufuata mkono. "Aa. Ni nzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Ndogo, lakini nzuri."

Kisha akatafuta ufunguo ili aondoke. Binti akawahi kuuchukua. "Nitaendesha mimi."

Akaendesha kwenda kwa wazazi wake. Alichokuwa akikiona mbele si barabara, ni mtoto wake wa kike amekaa kiti cha nyuma kila asubuhi, akiimba, na babu yake akiendesha kwa kukisia. Aliogopa, na hapo hapo akaona haya kwamba hofu ilikuwa imekuja baada ya hasira, na hasira ilikuwa ya kitaa.

Nyumbani mama yake alipowaona wanashuka, binti upande wa dereva na mzee upande wa abiria, aliweka sufuria chini.

"Kwa hiyo umejua."

"Mama, ulikuwa unajua? Na mtoto wangu yumo ndani ya gari?"

"Aliniapia kwamba ile njia anaijua hata akifumba macho." Mama akafuta mikono kwenye kanga. "Mimi nilinyamaza. Nilijua akinyang'anywa usukani hatabaki na kitu. Nikukosee wewe, nisimkosee yeye, nilifikiri hivyo. Nisamehe."

Hospitalini daktari alisema ni presha ya macho. Mzee alikuwa akiona kama mtu anayetazama kupitia bomba. Cha katikati anakiona, cha pembeni kimekwenda. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kingelindwa kwa dawa ya matone, kila siku, na asiendeshe tena. Mzee aliitikia yote kwa kichwa.

Jioni ile binti alikaa karibu naye sebuleni. "Baba, nisamehe. Nilikukosea."

"Wapi?"

"Pale gereji."

"Basi mbona unaniomba msamaha hapa?" Hakuwa na hasira, alikuwa akiuliza kweli. "Hapa hukunicheka. Uliniumbua mbele za watu. Hao watu mpaka sasa wanacheka, au wananionea huruma, sijui lipi baya zaidi."

Binti alitamani sana jambo hilo liishie pale pale kwenye makochi, kati yao wawili.

Wiki iliyofuata alimshika baba mkono wakaenda gereji kwa miguu. Mzee alivaa koti. Mafundi walipowaona, kila mmoja akapata shughuli ya ghafla. Mama Kimulimuli alisimama katikati ya magari.

"Nilimcheka baba yangu hapa," alisema. "Alikuwa ananiambia ukweli, haoni, na mimi nikamfanya kichekesho ili nionekane fundi. Baba, naomba radhi."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mpaka rangi alivua kofia. "Hata mimi, mzee. Mimi ndiye niliyechokoza."

"Haya, yamekwisha," Mzee Gia akasema. Akanyoosha mkono kumpa, akaunyoosha pembeni kidogo, na mpaka rangi akasogea hatua ili mikono ikutane. Mzee akakaa kwenye benchi na kuanza habari za mlima mmoja mkali. Watu wakasogea kumsikiliza.

Binti yake akarudi kwenye gari la mteja alilokuwa ameliacha. Alibandika utepe, akashika drili, lakini jicho likamkimbilia baba pale benchini. Drili iliruka, ikachana plastiki mstari mrefu. Haikuwahi kumtokea. Aliutazama ule mkwaruzo, akafikiri jinsi ambavyo angeweza kuufunika kwa rangi na mwenye gari asijue. Kisha akafuta mikono, akampigia simu.

"Shikamoo, mzee. Ni fundi wa alamu. Nimekuharibia dashibodi. Hapana, kosa si la gari, ni langu."