Miji Mitatu na Mama Mkwe

Sababu ya safari hii ni mume wangu, Abdullahi, na lori lake. Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akileta mizigo Tanga, analala nyumbani, anaondoka, anarudi. Mwaka huu tajiri wake akambadilishia njia: sasa ni Mombasa, Garissa, Mandera, na kurudi huko huko. Tanga hapiti tena. Tukabaki na mawili: tuishi mbalimbali mpaka watoto wamsahau sura, au mimi na wanangu wawili tuhamie Kenya, kwao. Nikasema tutahama. Kusema ni rahisi, jamani.

Tatizo likawa ni mji gani. Nilipomuuliza yeye akanirudishia mpira. Akaniambia, "Chagua wewe. Mimi nitakuwa barabarani, wewe ndiye utakayekaa." Maneno hayo yalinikosesha usingizi, maana yalikuwa ya kweli. Kisomali sijui zaidi ya salamu, na huko sina mama wala shangazi wa kumkimbilia mtoto akishikwa na homa usiku. Mimi naogopa upweke kuliko njaa. Wanaonijua wanajua kwamba mdomo wangu haukai, na mdomo kama huu ukikosa wa kuongea naye, mwenye mdomo ataugua. Kwa hiyo nilitaka kwenda kuiona miji kwa macho yangu kabla ya kufunga mizigo.

Wanangu niliwaacha kwa mama. Alfajiri nikapanda gari la Horohoro, nikagongewa pasi mpakani, nikalala Mombasa, na kesho yake nikapanda basi la Garissa.

Kutoka Malindi kwenda juu, minazi inakwisha bila kuaga. Ukishapita Garsen ni vichaka, ardhi nyekundu, na jua linaloingia dirishani na kukaa nawe kwenye kiti. Mara twiga wawili wamesimama kando ya lami wanatutazama, na mimi peke yangu ndani ya basi ndiye niliyeinuka kuwaangalia. Vizuizi vya askari ni vingi. Kwenye daraja la Tana, Garissa yenyewe ikiwa ng'ambo, tulishushwa wote kukaguliwa vitambulisho. Askari alifungua pasi yangu, akauliza naenda kwa nani. Nikasema kwa mama mkwe. Akanirudishia pasi na kuniambia pole.

Balambala nilifika siku iliyofuata, kwa gari dogo lililofuata mto kwenda kaskazini. Hapo ndipo anapoishi mama mkwe wangu, Hooyo Dahabo. Hooyo ni mama kwa Kisomali, na ajabu yao ni kwamba mama naye humwita mwanawe hooyo, basi sisi wawili tuliitana hooyo asubuhi mpaka jioni. Ni mrefu, mkavu, hana maneno. Kiswahili chake alikiokota sokoni: p kwake ni b, v kwake ni f, na neno moja likitosha hatumii mawili. Hebu fikiria, mimi na yeye safari moja!

Abdullahi alikuwa amemwomba anitembeze. Hakukuwa na mtu bora zaidi, alivyoniambia. Baba mkwe alipofariki, mwanawe wa pekee akiwa bado mdogo, Hooyo Dahabo ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya mifugo kutafuta malisho. Kazi hiyo wanaiita sahan. Mtu anaondoka peke yake na kibuyu cha maziwa, anatazama majani, maji na majirani, kisha anarudi kuwaambia wenzake wahame au wasihame. Akidanganya au akiona vibaya, mifugo inakufa. Yeye mifugo yake haikufa.

Usiku huo tulikula wali na nyama ya mbuzi, nami nikamwambia moja kwa moja kwamba mji wowote nitakaouchagua, nataka tuhamie naye. Ana umri, anaishi na mbuzi zake tu, na mwanawe akipita huko ni kwa mwezi mara moja. Akatikisa kichwa. Akasema mji ni wa watu wa mji, kisha akaenda kuswali. Nikajua hapo hakuna mjadala.

Katika miji mitatu tuliyopanga kuiona, Bura ndiyo ilikuwa ya kwanza, ile ya Fafi, kusini ya Garissa. Nilikuwa na mambo yangu ya kuangalia: maji yanatoka wapi, umeme unakatika mara ngapi, shule iko umbali gani, na kama wanawake wanashonesha nguo, maana mimi ni fundi cherehani. Tulipofika sokoni, saa nne hivi, mama mkwe akanionyesha gogo lililokuwa mbele ya duka lililofungwa. "Kaa haba, hooyo. Nakuja sasa hifi," akasema, akaondoka.

Sasa hivi yake ilikwenda mpaka adhuhuri. Nilikaa kwenye gogo lile kama mzigo uliosahauliwa na lori. Baada ya muda, mwenye hoteli ya jirani akaniletea kiti cha plastiki na chai ya maziwa ya ngamia, tamu mpaka meno yanalalamika. Akaniuliza mimi ni mgeni wa nani. Nilipomtajia jina la mume wangu akafurahi, akakataa katakata kuchukua hela. Wengine walipita wakanisalimia kwa heshima na kuendelea na njia zao. Watu wema kabisa, sina la kuwasema. Mama mkwe alirudi, akaniuliza nilikunywa nini, nikamwambia chai, akasema haya, tuondoke. Hakuniambia alikokuwa.

Wajir ni mbali. Tulirudi Garissa, tukapanda basi, tukapita Modogashe na Habaswein, tukafika jioni tumepakwa vumbi mpaka kwenye kope. Lakini niseme haki yake, Wajir niliipenda. Udongo ni mweupe, nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe meupe, na asubuhi punda wanavuta mapipa ya maji mitaani na kila mtu anawapisha. Tulikula tambi na ndizi mbivu kwenye sahani moja. Nilicheka kwanza, kisha nikaongeza nyingine. Shule ziko, mafundi cherehani wako, na nguo zao pana za dira naziweza. Moyoni nilishaanza kupanga mahali pa kuweka mashine yangu.

Kesho yake akanifanyia yale yale. Safari hii aliniketisha kwenye baraza ya duka la vitambaa, akasema anakuja, akapotea. Nilinuna. Ila kununa kwangu hakukudumu, maana watu wa Wajir walinizunguka. Mwenye duka alinipa maji baridi. Mzee mmoja, aliposikia nimeachwa na mama mkwe, alitoa simu akaanza kuwapigia watu kumtafuta, na kila aliyepigiwa akampigia mwingine, mpaka nikaona haya. Walinihurumia kwelikweli. Mama mkwe alipotokea walimsema kidogo kwa Kisomali, naye akawajibu kidogo, na sote tukaagana vizuri. Njiani nilimwambia huu mji unanifaa. Akaniuliza walinipa nini. Nikasema maji, na msaada. Akageukia dirishani mpaka Habaswein.

Garissa tuliiacha mwisho, kwa sababu nilishaipita mara kadhaa na sikuona cha kunishika. Ni mji mkubwa, una joto la kubandika nguo mwilini, ndege korongo wamejaa juu ya miti kando ya barabara wakiwatazama watu kama maofisa, pikipiki hazina adabu. Saa tatu asubuhi tulikuwa sokoni, upande wa nguo na maziwa. Nilipomwona anatafuta mahali pa kuniweka, nilitaka kumwambia leo thubutu. Lakini mkwe ni mkwe. Nikakaa kwenye ngazi ya saruji aliyonionyesha, karibu na mwanamke aliyekuwa akiuza maziwa kwa madumu, mnene, sauti kama tarumbeta.

Huyo mwanamke hakunisalimia. Alinigombeza. Akaniambia nitoe miguu, watu wanapita, na kwa nini nimekaa juani wakati kivuli kipo, mimi sina akili? Nikasogea kivulini. Wateja wakamjaa, dumu huku, kikombe huku, na mgongoni ana mtoto wa miezi michache anayelia. Mara akamfungua yule mtoto, akamweka mapajani mwangu bila kuniuliza jina, akaniambia, "Abaayo, shika huyu," yaani dada kwa Kisomali, akarudi kwa wateja wake.

Nilishika. Ningefanyaje? Nilimwimbia nyimbo zetu za Tanga, akanyamaza, akanikojolea, akalala. Yule mama alikuja kumwangalia mara moja tu, akaniachia kanga ya kumfunika. Adhana ikalia, akaniambia nimwangalizie na madumu, akaenda kuswali. Mimi, mgeni, pasi yangu mkobani, nimeachiwa mtoto na biashara. Mtu akaja kununua, nikamuuzia kwa ishara za vidole. Mama aliporudi alimchukua mwanawe, akaitazama kanga ilivyolowa, akacheka, na hakusema asante. Aliuliza tu, "Kesho unakuja saa ngapi?"

Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa njia. Hakuniuliza kitu.

Jioni hiyo, kwenye nyumba ya wageni, nilimtolea ya moyoni. Kwa adabu, lakini nilimtolea. Nilimwambia kama ana shughuli zake mijini aniambie nikae chumbani, kuliko kunitupa sokoni miji mitatu kama mtu asiye na mwenyewe. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema hakuwa na shughuli yoyote. Bura alikuwa nyuma ya hoteli. Wajir alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta. Leo alikuwa nyuma ya gari la maji. Siku zote hizo alikuwa amesimama juani ananitazama, mimi nanung'unika kwamba ametoweka.

Akanieleza, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokota, nami nakiweka sawa hapa. Mnyama aliyepotea kwao anaitwa baadi, na amepewa haki yake: anayemwona anatakiwa kumnywesha na kumtunza mpaka mwenyewe aje. Basi yeye enzi zake za sahan, akifika kwenye kisima cha watu asiowajua, alikuwa anaacha mbuzi mmoja karibu, anajificha, anaangalia. Wako wanaomfukuza kwa mawe. Wako wanaomnywesha, wakamwacha hapo hapo amngoje mwenyewe. Na wako wanaomswaga akachanganyika na mbuzi zao, anyonyeshe na kukamuliwa pamoja nao. Kwa hao wa mwisho ndiko alikokuwa akihamisha watu wake.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa mbuzi," nikasema.

"Ndiyo," akajibu, bila aibu hata kidogo.

Niliudhika, sitaficha. Nilimgeuzia mgongo nikawa nakunja nguo ambazo zilishakunjwa. Akaniacha kwanza. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

"Hooyo, sikia. Kijana yangu iko barabarani. Mimi ni mzee, nitakufa. Siku moja utakaa beke yako, na mtoto mgonjwa, na hakuna mtu unajua. Hiyo siku nilitaka kuiona mimi mwenyewe, sasa, kabla sijakufa."

Nikalia. Si kwa huzuni. Ni kwamba toka siku Abdullahi aliponiambia nichague, hofu yangu ile ile niliyoona aibu hata kumtajia mama yangu mzazi, kumbe huyu asiye na maneno aliijua, akaibeba, akaenda nayo juani miji mitatu. Nilimwambia tutakaa Garissa. Kisha nikamwambia tena kwamba nataka tuhamie naye, nikamweleza na sababu: katika miji yote mitatu, mtu wa kwanza kunitunza alikuwa yeye. Akajifunika shuka, akalala.

Asubuhi alipanda gari la kurudi Balambala kwa mbuzi zake. Mimi kabla ya basi la Mombasa nilikwenda kumuaga yule mama wa maziwa. Alinigombeza kwamba nimechelewa, akanipa mtoto.

Tanga nimerudi na majirani wananiuliza Kenya kukoje, na wale wenye wana wao wanaotafuta pa kuhamia wanataka niwape siri. Nawaambia maji, umeme na shule ukaviulizie, ni haki yako. Lakini usiukague mji ukiwa na mwenyeji wako ubavuni, maana siku hiyo kila mji ni mzuri. Kaa peke yako sokoni, usiseme wewe ni wa nani, uone. Wakikupa chai, mshukuru Mungu, hao ni watu wema. Wakikutuma, ukalete mizigo. Wengine wananielewa, wengine wanasema nimerudi na jua la huko kichwani.

Wiki iliyopita Abdullahi alipata nyumba Garissa, karibu na soko, vyumba viwili na ua. Nilimpigia mama mkwe kumpa habari, maana yeye ndiye aliyeuchagua mji na ilikuwa haki yake kusikia kwanza. Nilimweleza yote, kodi, maji, mlango wa uani, watoto watalala kipi na sisi kipi.

"Fyumba fiwili ni kidogo," akasema. "Chukua tatu."

Akakata simu.